Springi pati ni ubavu, acheni kuiuza kwa kilo

Jamani kaeni, nimepewa dakika kumi na nusu yake imeshaliwa na hiyo spika.

Mafundi wenzangu wa sanamu za vyuma, mnanijua, kila mwaka nasema hilihili: springi pati, zile bapa za chuma zilizopinda chini ya gari, tuzitengenezee sanamu, tusiziuze skrepa kwa kilo. Kulikuwa na Mmarekani, Jim Gary, alifariki 2006, alikuwa anatengeneza sanamu za dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale waliokwisha zamani, kwa vyuma vya magari mabovu, midude mikubwa kweli halafu anaipiga rangi zinazowaka, na 1990 wakamwekea maonyesho yake peke yake kwenye makumbusho ya Smithsonian pale Washington. Skrepa hiyo! Na springi pati hakuhangaika kuikunja ifanane na ubavu, si ishapinda yenyewe? Akachomelea. Kibakuli cha oili kikawa taya, brekishuu nyayo. Sisi springi hiyohiyo tunaipeleka kwenye mizani.

Sasa mimi nikajifanya mjuaji. Dinosaria yangu ya kwanza shingo yote springi za lori, nimechomelea kutwa nzima, jioni nina haraka nikamwagia maji ipoe. Usiku nasikia ta! Nikajua mwizi. Ta! Asubuhi kichwa kiko chini, mbuzi wa jirani anakinusa. Na ufa wenyewe haukupita kwenye welding, umepita pembeni yake pale. Springi ina kaboni nyingi kuliko vyuma vyenu vya mageti, ukiipoza ghafla pale palipoiva panakuwa pagumu kama kioo, panapasuka. Ipashe moto kwanza, vijiti vya kuchomelea viwe vikavu maana unyevu nao unapasua, ukimaliza ifukie kwenye majivu mpaka kesho. Kuna kijana aliniambia mzee hayo majivu ni uchawi. Haya, endelea na maji.

Na wewe hapo nyuma unayenong'ona eti dinosaria ni mambo ya Wazungu, yule dinosaria mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, mita 13 na ushee kwenda juu, mifupa yake imetoka wapi? Tendaguru, Lindi! 1909 mpaka 1913, babu zetu ndio wamechimba, ndio wamebeba vichwani mpaka bandarini. Halafu leo mnaogopa kumtengeneza, kila fundi twiga, twiga, twiga.

Rangi na kutu nilikuwa nayo ila muda hamna. Shokapu msichomelee nzima, ina oili na nyingine gesi, inalipuka. Tenki la petroli tupu ndio baya zaidi, mvuke unabaki. Haya maswali, na wa kuuliza bei akae chini.