Kiingereza ninacho, kule Uingereza nitababaika na nini? Nawajibu kwa neno moja tu

Habari zenu wadau. Niko Dar, nimekuja likizo kutoka Uingereza, nimekaa kibarazani kwa dada yangu Tabata, kwa hiyo mkisikia bodaboda na majirani mnivumilie. Leo najibu lile swali mnaloniletea kila video: "Dada, nimesoma mpaka fomu six, Kiingereza ninacho, kule nitababaika na nini?" Nikinyamaza, naringa. Nikijibu, nimeanza kulialia, si nirudi nyumbani. Haya, nimerudi, japo kwa likizo. Sasa nisikilizeni.

Msamiati mgumu hautakusumbua, maana ukiuona tu unakimbilia kamusi. Kinachokumaliza ni neno ulilofundishwa maana moja darasani ukajua umemaliza nalo. Kwangu mimi neno lenyewe ni "charge". Kila mtu hapa analo: simu imeisha chaji, muuguzi inchaji, basi. Kule nimelikuta kwenye barua, risiti, ratiba ya kazi, fomu za serikali, na kila mahali limekuja na balaa lake.

Kuna rafiki yangu, mtoto wa Mbagala, aliegesha gari mtaani, kurudi akakuta kibahasha cha plastiki cha njano kimebandikwa kwenye kioo. Ndani kimeandikwa "Penalty Charge Notice". Akanipigia simu analia, kwamba ameshtakiwa. Msimcheke. Alikuwa katikati ya kujaza fomu ya viza, na fomu ile inauliza kama una shtaka la jinai linalosubiri kesi, na neno wanalotumia ni hilohilo, "charge". Ungekuwa wewe ungelala?

Kumbe ile ni faini ya maegesho ya halmashauri, na ukiilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ila kuna ndugu yake, "Parking Charge Notice", kifupi chake PCN vilevile. Hiyo inatoka kwa kampuni binafsi inayosimamia eneo la kuegesha. Si faini ya serikali, ni kampuni inakudai hela kwamba umevunja masharti yaliyoandikwa kwenye kibao chao. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, angalia kwanza nani kaleta karatasi.

Tuje kwenye hela sasa, maana najua ndicho mnachosubiri. Ukiomba viza ya kukaa muda mrefu, kuna malipo ya matibabu yanaitwa "Immigration Health Surcharge". Tangu Februari 2024 mtu mzima ni pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi 776. Na hulipi mwaka mmoja ukasema mwakani tutaona. Viza ya miaka mitatu, unatoa ya miaka mitatu yote kwa mkupuo, pauni 3,105, kabla hata hujaonja hewa ya kule. Hiyo ni mbali na ada ya viza yenyewe. Wanaokwenda kwa viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa, wengine wengi jipange. Na ukishaanza kazi unakatwa kodi kama wenzako, na sehemu ya kodi hiyo inaendesha hospitali hizohizo. Silalamiki, nasema tu. Nyie mlilia na tozo za miamala Julai 2021, mimi nilikuwa nawasoma tu nakausha.

Mgahawani London nako, chini ya bili unakuta wameongeza "service charge", yaani malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5. Mara nyingi imeandikwa kuwa ni hiari, na hapo unaweza kuomba waitoe. Mimi naomba. Mkiniita bahili, sawa.

Lakini lililonikera kuliko yote ni kazini. Nyumba moja ya kulelea wazee, siitaji jina. Meneja akaniambia usiku ule mimi ndiye niko "in charge". Nikafurahi, si mnajua hapa kwetu inchaji wa wodi anavyoamkiwa! Nikakabidhiwa funguo za kabati la dawa, simu ya dharura na daftari la zamu. Mzee akianguka, mimi. Mfanyakazi asipotokea, mimi. Mshahara ulipotoka, uleule. Nikamuuliza habari ya nyongeza, akanijibu ni jukumu tu, si cheo. Yaani niko "in charge", na ni "free of charge", bure kabisa. Mpaka leo sijasamehe.

Nikaingia kwenye kamusi kwa hasira. Asili yake ni Kilatini, kupakia gari la mzigo, yaani mkokoteni. Hapo nikaelewa. Betri unaipakia umeme, mtu unampakia kosa, deni au kazi. Hata sisi tunasema kubebeshwa lawama, kubebeshwa deni, kubebeshwa kesi. Halafu angalieni na hili: Kariakoo yetu ilipata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hilo "carrier" nalo limetoka kwenye shina hilohilo la mkokoteni. Kwa hiyo Kariakoo wanakosukuma mikokoteni na hizo "charge" ninazotumiwa kule, majina yao ni ya ukoo mmoja. Sijui nifurahi au vipi.

Haya ni yangu mimi, mwenzangu anaweza kwenda akateleza tu. Mimi si mwanasheria. Na yule kaka aliyeniandikia wiki hii kwamba ana barua haielewi, piga picha unitumie, ila ziba jina na namba ya pasipoti kwanza. Usiiweke hapo chini kila mtu aione.