Shiriki takwimu za Debian, lakini soma ripoti kwanza

Karibuni, watazamaji. Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, haina njia ya kujua nani kasakinisha nini: nakala moja hugawiwa kwa watu wengi, na vifurushi vya programu hupakuliwa kutoka seva zilizotapakaa duniani. Ikitaka hesabu, lazima iwaombe watumiaji wenyewe. Ombi hilo hupitia programu iitwayo popularity-contest, na leo tunaiwasha.

Fungua terminali, andika:

sudo apt install popularity-contest

Utaulizwa kama unataka kushiriki. Kwa sasa jibu hapana. Nataka kwanza uone kwa macho yako kitakachotoka kwenye mashine yako. Andika:

sudo popularity-contest | less

Hiyo ndiyo ripoti yenyewe. Kila mstari una jina la kifurushi, programu yake iliyotumika karibuni, na nyakati mbili zilizoandikwa kwa sekunde. Ukiona OLD, kifurushi kipo ila hakijaguswa kwa zaidi ya mwezi. Nyaraka zako hazimo, wala jina lako.

Hapa usiharakishe. Vifurushi ulivyojitengenezea navyo huorodheshwa, hata kerneli (kiini cha mfumo) uliyoiunda mwenyewe. Kama kuna kifurushi chenye jina la mwajiri au mteja wako, mashine hiyo iache nje kabisa. Takwimu hazitaharibika kwa kukosa kompyuta moja.

Umeridhika? Andika:

sudo dpkg-reconfigure popularity-contest

Sasa jibu ndiyo. Kisha fungua faili hili:

sudo nano /etc/popularity-contest.conf

MY_HOSTID ni namba ya nasibu inayozuia mashine yako kuhesabiwa mara mbili. Ni siri, kwa hiyo ukirekodi skrini kama mimi, ifunike. Hakikisha pia ENCRYPT ni "yes", ili ripoti isimbwe kabla ya kusafiri.

Ripoti hutumwa mara moja kwa wiki. Seva huitunza kwa siku zisizozidi 20, au mpaka ifike mpya, na muhtasari unaotangazwa hauna namba za mashine.

Matokeo ya jumla yanapatikana kwenye popcon.debian.org. Angalia safu ya vote kuliko inst, inayohesabu waliosakinisha tu: maktaba nyingi (vifurushi vya msimbo unaotumiwa na programu nyingine) zimesakinishwa kwa sababu tu programu nyingine inazihitaji, ila vote huhesabu kinachotumika mara kwa mara.

Ukibadili mawazo, rudia dpkg-reconfigure ujibu hapana. Ripoti yako ya mwisho nayo itafutwa muda wake ukiisha.