Ubeti Uliozama Chini ya Tanzia

Mlishanisikia nikililalamikia jambo hili, na leo nalilalamikia tena. Makundi ya ushairi ya WhatsApp yanatuulia mazungumzo, na msiwasingizie vijana uvivu.

Juzi kijana mmoja kaleta shairi kundini. Zuri! Ila mshororo mmoja ulisema: "Nakuenzi maishani, wewe tunu moyoni mwangu." Hesabuni mizani, yaani silabi, kwa vidole. Ukwapi, kile kipande cha kwanza, mizani 8, sawa. Utao, kipande cha pili, je? 9. Dawa yake ndogo tu: toa "wewe", weka "u". "U tunu moyoni mwangu." Basi mimi huyo, navaa miwani, nachapa kwa kidole kimoja: "Huyo 'wewe' kazidi, aondoke tu." Nikatuma. Kumbe nilipokuwa nahesabu zilishapita "hongera malenga" kama thelathini, tangazo la vitenge, na tanzia. Ujumbe wangu ukatua chini ya tanzia! (Kicheko.) Nilipigiwa simu hadi na shemeji. Na yule kijana mpaka leo hajui kosa lake.

Mtasema, "Mwalimu, si unabonyeza ujumbe wenyewe ndipo ujibu?" Najua, mjukuu kanifundisha. Lakini kesho nani atapandisha jumbe mia nne kutafuta somo la mizani? Ndiyo maana kila wiki mgeni anauliza mizani ni nini. Wajuzi wamechoka; wengine kimya, wengine wametoka. Halafu mwaka 2022 nafasi za kundi zikaongezwa, kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1,024, nasi tukashangilia! Watu elfu wote wanasemea dirisha lilelile moja.

Zamani tulitungiana gazetini. Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kuchapisha mashairi ya wasomaji, miaka yake ya mwanzo lilitoka mara moja kwa mwezi. Mtu akikuchokoza kwa beti, unao mwezi mzima wa kupima mizani kabla hujamrudishia zake. Na msiniambie mhariri alikuwa akibania watu. Alibania, ndiyo, na beti nyingine zilistahili kubaniwa. Zangu zikiwemo.

Kuhusu Facebook na vile vidole gumba… naona mwenyekiti ananionyesha saa. Telegram, kwa kifupi, inaruhusu kundi kugawanywa kwa mada. Tulihamia huko, wiki mbili hazikwisha watu wakarudi kulekule kwenye vitenge.

Haya, maswali. Anayetaka kuuliza mizani ni nini, hilo nililijibu Jumanne.