Chora Nami: Bi Jaha, Mwovu wa Anime Anayetumia Bahati

Karibuni wachoraji wenzangu, nawasalimu kutoka Tanga. Leo tunamchora mwovu wa kike wa anime, yaani katuni za Kijapani, ambaye silaha yake ni bahati. Nimempa jina la Bi Jaha. Andaa karatasi ya A4, penseli ya HB na ya 2B, ufutio, kalamu ya wino mweusi, na sarafu ya shilingi 200. Sarafu weka pembeni, zamu yake inakuja.

Penseli isiguse karatasi kwanza. Moto unachoreka, na umeme unachoreka. Bahati haina umbo, na ukimzungushia mhusika wako nyota na miale, watu watamwona mchawi basi. Bahati ya Bi Jaha tutaionyesha kwa wenzake: yeye hana hata tone la tope kwenye vazi, na kila aliye karibu naye mambo yamemwendea kombo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko nyuma yake, mtaani.

Jambo la pili ni bei. Bi Jaha haumbi bahati, anaichota kwa watu walio karibu. Mtaa ukijaa, hagusiki. Mtaa ukiwa mtupu, ni mtu kama wewe na mimi. Tafadhali usiiruke hatua hii, maana mwovu asiyeweza kushindwa hana hadithi, na shujaa wako atakosa pa kumshika.

Sasa tuchore. Anza na kichwa, kisha pima urefu wa mwili: vichwa saba kwa mtu mzima, na miguu ichukue karibu nusu yake. Uzito uegemee mguu mmoja. Nyonga ikipanda upande huo, bega la upande huohuo lishuke. Asikaze ngumi wala asikunje uso, kwa sababu anayejua kwamba dunia itamfanyia kazi hana haraka. Mkono wa kushoto upeleke mdomoni, mgongo wa kiganja ukielekea midomo, kile kicheko cha mabibi waovu wa anime mnachokijua.

Macho. Hapa tukae kidogo. Mstari wa kope ya juu uwe mnene, pembe ya nje ipande, na mboni iwe ndogo ili weupe uonekane. Hapo ndipo ubaridi unapotoka. Kwa kawaida tunaacha doa jeupe la mwanga katika mboni zote mbili. Kwa Bi Jaha acha doa kwenye jicho moja tu. Jingine lijaze penseli ya 2B hadi liwe jeusi kabisa: jicho moja linapokea, jingine linanyang'anya. Simamisha video hapa, ulifanye taratibu.

Vazi ni kanga. Chora pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Kwenye jina nimeandika usemi wetu wa Tanga, WAJA LEO WAONDOKA LEO, kwa herufi kubwa. Mikunjo ya kitambaa ikate baadhi ya herufi, usizipange zote wima. Kanga inayosomeka yote kama kibao cha duka inakuwa imebandikwa, haijavaliwa.

Mkono wa kulia, sarafu. Sasa ishike yako, uizungushe mbele ya macho. Ikikuelekea ni duara. Ikigeuka inakuwa duaradufu nyembamba, mwisho mstari mtupu. Chora sarafu tatu juu ya kidole gumba kwa maumbo hayo matatu, na tayari inazunguka hewani. Ukitaka kurasa za hadithi, mrushie upande wa simba mara kumi mfululizo. Kwa sarafu ya kawaida hilo hutokea mara 1 kati ya 1,024, na msomaji atashtuka bila kuambiwa chochote.

Twende nyuma yake. Mimi nimechagua Ngamiani, eneo la hapa mjini Tanga, na barabara zake za namba, na baiskeli, maana Tanga bila baiskeli siyo Tanga. Panga ajali kama mnyororo: embe linaanguka kutoka kwenye mkokoteni, gurudumu la baiskeli linalipanda, ndoo inamwagika, na askari anayemfukuza Bi Jaha anateleza kwenye maji yale. Kila ajali izae inayofuata, zifuatane kutoka kushoto kwenda kulia. Manga, yaani vitabu vya katuni vya Japani, husomwa kulia kwenda kushoto, ila wasomaji wetu wa hapa hawajazoea hivyo.

Na kama unatafuta pigo lake kubwa kuliko yote, lipo kwenye historia ya mji huu. Novemba 1914 jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishuka Ras Kazone kuuteka mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Katikati ya mapigano nyuki walitibuka, wakawashambulia wapiganaji. Waingereza walirudi melini wakiwa wameshindwa, na hadi leo vita hiyo inaitwa Vita ya Nyuki. Nyuki peke yao hawakuiamua, maandalizi mabovu yalichangia sana. Lakini wale nyuki waliuma pande zote mbili, na hicho ndicho ninachokitaka kwa Bi Jaha: akiwaita, mmoja ageuke kumfuata yeye. Mchore nyuki huyo mdogo, karibu na lile jicho jeusi.

Mwisho ni wino. Anza na Bi Jaha kwa mstari mnene, mtaa upitishie mstari mwembamba ili yeye atokeze mbele. Subiri wino ukauke kabisa ndipo ufute penseli, vinginevyo jina la kanga litachafuka. Rangi tutaweka kwenye video ijayo. Wewe niandikie hapo chini: mwovu wako anachota bahati kwa nani, na ni nini kinachoikata?