Runinga ya Taifa Ilivyotufikia Nakuru

Wazee wetu, walimu, akina mama, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, hamjambo? [Kicheko.]

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya runinga ya taifa. Wengi wakiisimulia huanzia Nairobi na kuishia huko huko. Mimi nitaanzia hapa kwetu, kambi ya Lanet.

Jioni ya tarehe 24 Januari 1964, askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles walikuwa wakimngoja Waziri Mkuu, Mzee Jomo Kenyatta, atokee kwenye televisheni. Walitarajia atangaze nyongeza ya mshahara. Uhuru ulikuwa na wiki sita tu. Mzee hakuonekana, na usiku huo wakaasi. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeyachunguza maasi ya mwaka ule, anasema huenda huku Nakuru hotuba ilitoka kwa redio peke yake. Nami naona ndivyo. Mtambo wa kwanza wa televisheni nchini ulifungwa mwaka 1962 katika nyumba ya shamba kule Limuru, na picha zake zilifika maili 15. Ukitoka Limuru, maili 15 hata Naivasha hujaiona.

Msinielewe vibaya. Askari wale walikuwa na malalamiko yao ya siku nyingi: mshahara, na maafisa wa Kizungu waliobaki juu yao hata baada ya bendera kubadilishwa. Runinga haikuwachochea. Lakini tazameni walichofanya: walikaa mbele ya chombo kile wakingoja serikali iwazungumzie, na serikali haikutokea. Tena siku chache kabla ya hapo, tarehe 12 Januari, Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, na John Okello, kiongozi wa mapinduzi hayo, alikuwa akitoa amri zake redioni, kisiwa kizima kikimsikiliza. Serikali yoyote changa ingepata somo: usiache mitambo ya utangazaji mikononi mwa mtu mwingine.

Na mitambo yetu ilikuwa mikononi mwa nani? Redio ilianza mwaka 1928, ikiwa ya walowezi, ili wapate habari za kwao Uingereza. Mwafrika alianza kuhesabiwa kuwa msikilizaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale ilipobidi familia za askari zipewe habari za vita. Shirika la Utangazaji la Kenya lenyewe, KBC, liliundwa 1961, na televisheni ikaja kwa mtaji wa kampuni za kigeni. Halafu tarehe 1 Julai 1964, miezi mitano baada ya Lanet, Bunge likalitaifisha. Likawa idara ya wizara, na jina likawa Sauti ya Kenya, ile VoK ambayo wazee hapa bado wanaiita hivyo.

Waziri wa habari wakati huo alikuwa nani? Ramogi Achieng Oneko. Na alikuwa mbunge wa wapi? [Sauti kutoka ukumbini: Nakuru!] Nakuru Mjini, ndiyo. Vijana wengi hapa hamkulijua hilo. Mjaluo kutoka upande wa ziwani, mmoja wa wale sita walioshtakiwa na wakoloni kule Kapenguria pamoja na Kenyatta, alichaguliwa na watu wa mji huu mwaka 1963. Huyo ndiye waziri aliyesimamia kuiingiza televisheni serikalini. Mwaka 1966 akajiuzulu, akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo huo kiti cha Nakuru kikamtoka. Mwaka 1969 akatiwa kizuizini, hakutoka hadi 1975. Kwa miaka hiyo yote Sauti ya Kenya aliyoisimamia ikizaliwa haikuwa na nafasi ya sauti yake. Mimi simlaumu, mwaka 1964 kila mtu aliamini serikali ya wananchi ndiyo wananchi wenyewe. Ila ndilo kosa lililotugharimu kuliko yote katika habari hii, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Maana chombo kikishakuwa cha wizara, habari hupangwa kwa vyeo. Mnakumbuka taarifa ya saa moja? Wimbo wa kufungulia, kisha: "Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo..." Rais amekwenda kanisani, ni habari ya kwanza. Rais amepokea ujumbe wa wazee, ni ya kwanza. Nchi ikipatwa na ukame, inangoja zamu yake. Watangazaji hawakuwa wajinga, nao walikuwa na sauti ambazo leo huzipati. Walikuwa watumishi wa serikali tu, na mshahara ni mshahara.

Na bado tuliipenda! Hili wasomi hulipita haraka. Mawimbi yalipokuja kupandishwa Timboroa ndipo bonde hili na nchi ya magharibi zikaanza kupata picha ya maana, na hata hivyo kwa taabu. Nyumba yenye runinga ilijulikana mtaa mzima. Seti yenyewe ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango na kufuli, juu yake kitambaa cha kufuma. Pasipo stima ilitumia betri ya gari, na betri ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa. Picha ikijaa chenga, kijana mmoja alitoka nje kuuzungusha mlingoti wa eriali, mwingine akasimama dirishani akipiga kelele: "Bado! Bado! Hapo! Umepitisha, rudisha!" Watoto wa majirani walikaa sakafuni, na aliyenuka miguu alitolewa nje bila kesi. [Kicheko.]

Waliyemngoja, mara nyingi, ni Mzee Ojwang'. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi aliigiza mzee wa Kijaluo, lafudhi na yote, na Wajaluo wa Kisumu wakamcheka kama mtu wao. Alifariki Julai 2015. Hotuba za umoja wa taifa zilisomwa kila jioni kwenye taarifa. Kwa maoni yangu nusu saa ya Vitimbi ilifanya kazi hiyo vizuri zaidi, bila kutaja neno umoja.

[Mzee mmoja mbele: Na leseni je? Tulilipa!] Naam, mzee. Mwenye redio au runinga alitakiwa awe na leseni. Mlilipia chombo, mkaambiwa ni cha serikali. Shikilia hapo hapo, nakuja.

Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, jambo la kwanza walilolitafuta ni kituo cha utangazaji. Leonard Mambo Mbotela alitolewa nyumbani kwake alfajiri akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Saa chache baadaye jeshi likakikomboa kituo, naye akatangaza kinyume chake. Mtangazaji yule yule, asubuhi moja, serikali mbili.

Mwaka 1989 jina KBC likarudi, kwa sheria ya 1988 iliyolifanya shirika. Mwaka uliofuata KTN, kituo cha binafsi, ikaanza, ila Nairobi tu. Kwa hiyo mageuzi ya vyama vingi yalipokuja, watu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega walikuwa bado na runinga moja, nayo iliwapa upinzani dakika za kuhesabu. Vituo vingine vilipotufikia, watu walihama bila kuaga. Februari 2015, wakati wa vita vya ving'amuzi, yaani mvutano wa kuhamia utangazaji wa dijitali, vituo vikubwa vya binafsi vilizimika karibu wiki tatu. KBC ikabaki hewani, na kwetu mtaani watu wakazima runinga wakafungua redio.

Sasa nimjibu mzee wa leseni. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kujiamulia maudhui, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hiyo ndiyo risiti yako, mzee. Ukitazama taarifa usiku huu, hesabu dakika: nani amezungumza, kwa muda gani, na nani ametajwa tu bila kusikika. Ukiona mizani imelala upande mmoja, andika barua kwa shirika, unukuu kifungu hicho.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama.