Thamani kwa Nani? Kura za Waandishi na Ugomvi wa Besiboli

Asante, mwenyekiti. Niliombwa nizungumze kuhusu maadili ya mwandishi wa michezo. Nikajua nikianza na neno maadili mtasinzia, maana ni saa nane mchana na wali tumeshakula. Kwa hiyo nitawasimulia ugomvi. Ni ugomvi wa Wamarekani, wa mchezo wa besiboli, juu ya tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi ambayo waandishi ndio huipigia kura, na hurudi kila Novemba kama mvua za vuli.

Mimi uliniingia mwaka 2012. Wakati huo nilikuwa Michigan, zamu ya usiku katika ghala moja nje ya Detroit, napakia maboksi. Wenzangu wawili wa zamu walikuwa Wavenezuela, na mwaka ule kwao jina lilikuwa moja tu: Miguel Cabrera wa Detroit Tigers, mzaliwa wa Maracay. Cabrera alikuwa amefanya jambo ambalo halikuonekana tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Aliongoza ligi yake kwa mambo matatu kwa mpigo: wastani wa kupiga mpira, .330, yaani mapigo mazuri 33 kwa kila majaribio 100, homurani, yaani mipira iliyovuka ukuta, 44, na pointi zilizoingia kwa mapigo yake, 139. Wenyewe huliita Taji la Mara Tatu, na hutamka kwa heshima ya kuvua kofia.

Upande wa pili, California, alikuwapo Mike Trout wa Los Angeles Angels. Miaka 21, msimu wake wa kwanza kamili. Wastani .326, homurani 30, na besi 49 alizoiba. (Kuiba besi, kwa msioujua mchezo, hakumpeleki mtu polisi. Ni kukimbilia kituo kinachofuata wakati mrushaji wa mpira hajakaa sawa.) Tena alikuwa akiruka juu ya ukuta wa nje na kudaka mipira ambayo watu walishaanza kuishangilia kuwa homurani.

Mimi, mgeni wa mchezo, nikaropoka ghalani kwamba anayestahili ni Trout. Nilinuniwa wiki nzima. Hata chai nilijimiminia mwenyewe.

Nchi nzima ilikuwa hivyohivyo. Kulikuwa na watu wa takwimu mpya, wenye kipimo kinachoitwa WAR. Kipimo hicho kinauliza swali moja: ukimtoa mchezaji huyu ukamweka wa akiba wa kawaida, timu itapoteza ushindi mara ngapi? Kinahesabu kupiga, kukimbia na kudaka, vyote kwenye kapu moja. Kwa kipimo hicho Trout alikuwa juu ya 10 na Cabrera karibu na 7, pengo ambalo si la kubahatisha. Na kulikuwa na wazee wa mchezo waliosema: hesabu zenu hatuzijui, Taji la Mara Tatu tunalijua.

Kura zikahesabiwa. Waandishi 28, 22 wakamweka Cabrera wa kwanza, 6 wakamweka Trout. Alama 362 kwa 281.

Sasa sikilizeni hoja iliyopendwa zaidi na upande ulioshinda. Walisema Cabrera aliifikisha timu yake kwenye mchujo wa ubingwa, Trout hakuifikisha. Ni kweli. Lakini fungua msimamo wa ligi mwaka ule: Tigers walishinda michezo 88, Angels 89. Ligi imegawanywa kwa makundi ya maeneo, kinara wa kila kundi hufuzu, na kundi la Detroit lilikuwa jepesi kuliko la Trout. Basi thamani hapo ilikuwa ya mchezaji, au ya ramani?

Kabla sijaendelea, msione haya ni ya mbali sana. Agosti ya mwaka huohuo vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa Pennsylvania kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale uwanjani, na waliifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mchezo umeshafika kwa jirani.

Tuje kwenye kura yenyewe. Tuzo inaitwa Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi. Wanaoitoa ni Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, kilichoundwa mwaka 1908, na wamekuwa wakiipigia kura tangu 1931. Kila mji wenye timu hutoa waandishi wawili. Ligi ni mbili, kila moja na tuzo yake. Leo kila ligi ina timu 15, kwa hiyo kura ni 30. Kila mwandishi hupanga wachezaji 10. Wa kwanza hupata alama 14, wa pili 9, wa tatu 8, na kuendelea kushuka hadi 1. Karatasi hukusanywa kabla mchujo haujaanza, ili mtu asipewe tuzo ya msimu kwa mambo ya wiki mbili za mwisho.

Kisha kuna barua inayofuatana na karatasi ya kura. Inamwambia mwandishi waziwazi kwamba hakuna fasili kamili ya neno "thamani". Aamue mwenyewe. Inamwambia pia kwamba mshindi si lazima atoke timu iliyofuzu mchujo. Na kweli mwaka 1987 Andre Dawson aliichukua akiwa Chicago Cubs, timu iliyoshika mkia katika kundi lake.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza chao, ila magazeti yetu hayataki msaada. Sisi tukitafsiri tuzo hii huandika "mchezaji bora", tukamaliza. Lakini bora si sawa na mwenye thamani. Ubora mtu anakuwa nao peke yake, hata akiwa amelala. Thamani ina swali nyuma yake: kwa nani, na wakati gani? Umeme ukikatika Kariakoo saa mbili usiku, mshumaa una thamani kuliko taa yoyote ya dukani, na hakuna mwenye akili atakayesema mshumaa ni taa bora. Ugomvi wote wa kila Novemba unaishi ndani ya hilo pengo. Nusu ya washabiki wanajibu swali la ubora, nusu wanajibu swali la thamani, na wote wanatukanana kana kwamba wameulizwa swali moja.

Kwa sababu hiyo mimi sina tatizo na waliomchagua Cabrera. Nilikuwa nalo, sasa sina. Waliachiwa neno lisilo na mipaka, wakalijaza walivyoona. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa.

Wenye kunikera ni wengine.

Mwaka 1999 Pedro Martínez, Mdominikana, alirushia Boston Red Sox. Ushindi 23, kushindwa mara 4. Aliruhusu wastani wa pointi 2.07 kwa mchezo mzima, katika miaka ambayo wapigaji walikuwa wakipiga mipira nje ya uwanja kama watoto wanaotungua maembe. Wapigaji 313 aliwatoa kwa straiki, yaani mipira mitatu halali waliyoshindwa kuipiga sawasawa. Kura za nafasi ya kwanza alipata 8, nyingi kuliko mtu yeyote. Tuzo akaikosa. Aliichukua Iván Rodríguez wa Texas kwa alama 252 kwa 239, akiwa na kura 7 za kwanza.

Ilikuwaje? Waandishi wawili, mmoja wa New York na mwingine wa Minneapolis, hawakumweka Martínez popote katika majina yao 10. Hoja yao ilikuwa kwamba mrushaji hachezi kila siku, kwa hiyo tuzo hii haimfai. Piga hesabu: pengo lilikuwa alama 13. Kila mmoja angemweka wa nne tu, alama 7 mara mbili, Martínez angepita kwa alama moja.

Mtasema si ni maoni yao? Hapana. Ileile barua inayoliacha neno "thamani" wazi inasema kwa maandishi kwamba warushaji wanastahili kupigiwa kura. Pale kanuni iliponyamaza, mwandishi ana uhuru. Pale iliposema, hana. Na yule wa New York mwaka uliotangulia alikuwa ameweka warushaji wawili kwenye karatasi yake! Huyo hana msimamo wa kumtetea.

Kuna kesi ya zamani zaidi, na hii naipenda kwa sababu ya uongo wake. Mwaka 1947 Ted Williams wa Boston alichukua Taji la Mara Tatu, kama Cabrera. Tuzo ikaenda kwa Joe DiMaggio wa New York Yankees, alama 202 kwa 201. Alama moja! Miaka sita nyuma, 1941, DiMaggio alikuwa amemshinda pia, mwaka ambao Williams alipiga wastani wa .406 na DiMaggio alipata pigo zuri katika michezo 56 mfululizo. Williams hakupatana na waandishi wa mji wake, na alikwenda na kinyongo akiamini kwamba mwandishi wa Boston, Mel Webb, ndiye aliyemwacha nje ya majina 10 mwaka 1947. Hadithi ikasimuliwa miaka na miaka. Waliokuja kuchunguza baadaye wakakuta Webb hakuwa hata na kura mwaka ule.

Mnaona kura ya gizani inavyomchafua hata asiyekuwapo? Siku hizi kila karatasi hutangazwa pamoja na jina la mwandishi wake. Matusi anayoyapata yameongezeka, bila shaka, lakini anatukanwa kwa alichokifanya.

Na kinyongo hakikuwa cha upande mmoja. Mwaka 1995 Albert Belle wa Cleveland alipiga homurani 50 na mapigo ya besi mbili, yaani yaliyomfikisha kituo cha pili, 52 katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alikuwa mkali kwa waandishi kuliko pilipili kichaa. Tuzo ilikwenda kwa Mo Vaughn wa Boston, mtu mcheshi aliyependwa, 308 kwa 300. Siwezi kuingia moyoni mwa wapiga kura wale. Ila alama nane ni kidogo, na ucheshi ni mwingi.

Waandishi nao sasa wamekuwa watunza hazina pia. Tangu mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na wachezaji, kuna mfuko wa dola milioni 50 kila mwaka kwa vijana ambao bado hawajafikia hatua ya kudai mishahara mikubwa. Kijana wa kundi hilo akishinda tuzo hii anapata dola milioni 2.5, akiwa wa pili, milioni 1.75. Mwandishi aliyeko kwenye chumba cha habari, mwenye mshahara wa mwandishi, anaandika jina na fedha inahama. New York Times kwa muda mrefu iliwakataza watu wake kupiga kura za namna hii, kwa hoja kwamba mwandishi anaripoti habari, haitengenezi. Nadhani walikuwa sahihi, na nadhani pia waandishi wa namna hiyo wakijitoa wote kura zitabaki kwa wasiojali. Hapo sijapata usingizi.

Nimalizie na ya 2025, maana nawaona wawili watatu mnaisubiri. Cal Raleigh wa Seattle Mariners ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akipokea mipira ya kasi jioni nzima. Alipiga homurani 60. Mdakaji aliyekuwa juu kabla yake, Salvador Perez, aliishia 48. Seattle wakashinda kundi lao mara ya kwanza tangu 2001. Aaron Judge wa Yankees akapiga wastani wa .331, wa juu kuliko wote, na homurani 53. Kura za kwanza: Judge 17, Raleigh 13. Alama 355 kwa 335. Kila mwandishi aliwaweka hao wawili juu. Wawili tu wa upande wa Judge wangewabadilisha nafasi, ingekuwa 345 kwa 345, kama mwaka 1979 Keith Hernandez na Willie Stargell walipogawana tuzo kwa alama 216 kila mmoja.

Mimi ningempa Raleigh, kwa magoti yake. Na yule kijana wa nyuma mwenye kofia ya Yankees, nimekuona tangu nilipomtaja Williams unavyonikodolea macho. Mpelekeeni kipaza sauti kwanza.