Binti wa Kakuma katika uwanja wa duaradufu

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mabinti mliokaa huku mbele, hamjambo.

Nimekuja na mpira. Utazameni: si wa mviringo, umechongoka ncha mbili kama yai. Kumpasia mwenzako kwa mkono, huruhusiwi kuurusha. Unaulaza kwenye kiganja kimoja, unaupiga ngumi kwa mkono wa pili. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini, na ukiangukia ncha, unaenda unakotaka wenyewe. Milingoti ni minne kila upande wa uwanja. Teke lipite katikati ya miwili mirefu, pointi 6. Lipite pembeni, pointi 1. Huu ndio mpira wa Australia. Mwanamke ninayetaka kuwaeleza habari zake ameucheza hadi ligi kuu, na sehemu ya utoto wake ameipitisha hapa hapa Kenya, kule Turkana.

Akec Makur Chuot alizaliwa mwaka 1992 upande wa kusini wa Sudan, zamani zile ikiwa bado nchi moja. Mwaka huohuo ndio kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, ilifunguliwa. Vita viliifukuza familia yake hadi kambini humo, na mwaka 2005 wakapata nafasi ya kuhamia Perth, magharibi mwa Australia. Alifika huko akiwa na umri kama wa hawa mabinti ninaowaona hapa.

Sasa sikilizeni jambo hili. Ligi kuu ya wanaume ilianza mwaka 1897. Wanawake waliingoja yao hadi Februari 2017. Usiku wa kwanza, klabu za Carlton na Collingwood zilipokutana pale Melbourne, watu 24,500 waliingia na milango ikafungwa wengine wakiwa nje. Klabu 8 zilihitaji wachezaji kwa mkupuo, na Fremantle ikamchukua Akec. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa asili ya Kiafrika kucheza ligi hiyo. Msidhani alitajirika. Mishahara ilikuwa midogo, wengi wao wakishinda kazini na kwenda mazoezini jioni.

Fremantle hakudumu. Hapa ndipo wengi huacha, na nawaelewa. Yeye alivuka nchi nzima, kutoka Perth hadi Melbourne, akashuka daraja na kuichezea Hawthorn kwenye ligi ya jimbo la Victoria. Kisha Richmond, iliyokuwa ikiingia ligi kuu kwa mara ya kwanza, ikamsajili kwa msimu wa 2020. Wakacheza mechi 6, wakafungwa zote 6. Fikirini kuwa beki katika timu ya namna hiyo: mipira inakujia mfululizo, unaruka kudaka na mtu amekupandia mgongoni, ukidaka safi unapewa teke lako bila kuguswa, ukikosa ni bao. Alibaki Richmond. Hawthorn nayo ilipoingia ligi kuu mwaka 2022, akarudi kuichezea.

Kinachoniuma ni kwamba sisi hapa hatumjui. Mkimbiaji wetu akishinda mbio ughaibuni, tunampokea uwanja wa ndege kwa mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Aliir Aliir, mchezaji wa ligi ya wanaume huko huko Australia, amezaliwa Kakuma penyewe, na ni walimu wangapi humu waliowahi kusikia jina lake? Tunawaita wakimbizi hata wakiwa wamekulia kwenye vumbi letu. Naomba, mashindano ya shule yanapopangwa, wasichana wa kambini wawe kwenye ratiba tangu siku ya kwanza, wasiitwe tu pale timu fulani inapokosa kufika.

Basi, mabinti, simameni mje wawili wawili. Kiganja wazi, kidole gumba kikae nje ya ngumi, usije ukakivunja. Nani anaanza?